Mwalimu Abaki Darasani, Masomo Yamfuate

Maelezo ya mjumbe wa kamati ya fedha kwa wanachama, Dar es Salaam

 

Nimepewa nafasi hii kwa sababu moja. Kati ya miradi miwili iliyo kwenye kadi ya ahadi mwaka huu, mmoja hauna picha. Wa kwanza ni uzio wa shule ya sekondari, na mchoro wake mmeuona, umepakwa rangi, una geti na kibanda cha mlinzi. Wa pili ni mafunzo ya walimu kumi na sita wa shule za msingi za tarafa yetu, na mafunzo hayachoreki. Kamati ikasema aende mhasibu akaueleze, maana yeye amezoea kueleza vitu visivyoonekana.

Nataja mapema upande niliosimama ili msije mkadhani nawazungusha. Uzio ni kitu kizuri, na waliouomba wana sababu zao. Lakini fedha tunazotarajia mwaka huu hazitoshi yote mawili, na mimi naomba walimu watangulie.

Baba zetu na mama zetu walitoka kwenye msaragambo na majembe na vikapu, wakachonga barabara, wakachimba mifereji, wakajenga madarasa ya kwanza. Sisi wa mjini msaragambo wetu tunautuma kwa simu. Tumetuma bati, saruji, madawati, na matundu ya vyoo. Kila kitu kilichonunuliwa kinahesabika, na taarifa zake zimo katika vijitabu vya miaka iliyopita. Sina ugomvi na hilo. Ila Desemba iliyopita, nilipokuwa nyumbani kwa likizo, mzee mmoja aliniuliza swali nikiwa nimekaa naye kibarazani. Akasema, dawati tumeliona, mwanangu, na mjukuu wangu analikalia vizuri kabisa. Sasa mbona hajui kutoa?

Nikamwambia nitamtafuta mwalimu wa mtoto huyo. Nikampata, na mazungumzo yetu ndiyo yaliyozaa mradi huu. Kwa kuwa mwenyewe ameomba nisimtaje, nitamwita mwalimu tu.

Mwalimu huyu anafundisha darasa la tatu. Alinionyesha zoezi moja alilowapa watoto: hamsini na mbili toa ishirini na saba. Jibu, kama mnavyojua, ni 25. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameandika 35. Miaka yote kabla ya hapo, alisema, angeweka alama ya kosa, angefundisha tena ubaoni jinsi ya kutoa, angetoa zoezi jingine, na wengi wangekosa tena. Safari hii alifanya kitu kingine. Aliwaita watoto waliokosa, mmoja mmoja, wakati wa mapumziko, akamwambia kila mmoja: nionyeshe ulivyofanya. Akawa anaandika kwenye daftari.

Alichokigundua ni kwamba 35 ile ilikuwa na njia mbili. Kundi la kwanza la watoto, wakifika kwenye mbili toa saba, wanaona haiwezekani, basi wanageuza: saba toa mbili, tano. Kisha tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano. Kundi la pili wanajua vizuri kwamba mbili haitoshi. Wanakopa kumi, wanapata kumi na mbili, wanatoa saba, inabaki tano. Sawasawa kabisa. Lakini wakirudi kwenye makumi, ile tano bado ni tano, hawakuipunguza. Tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano.

Hapo mimi nilicheka peke yangu, maana huyo mtoto wa pili namkuta kila siku ofisini. Amekopa, hakuandika deni.

Sasa fikirini. Jibu moja, kosa moja la wino mwekundu, na ndani yake watoto wenye matatizo mawili tofauti. Mtoto wa kundi la kwanza hajaelewa bado kwamba ile tano ya 52 ni mafungu matano ya kumikumi. Yeye anaona tarakimu mbili zilizosimama bega kwa bega. Huyo anahitaji vijiti. Afunge mafungu ya kumi, afungue fungu moja kwa mkono wake, aone vijiti kumi vinavyoingia kwenye mamoja. Mtoto wa kundi la pili vijiti hana haja navyo, ameshaelewa. Anahitaji kuzoezwa kukata ile tano na kuandika nne juu yake. Ukiwafundisha wote pamoja ubaoni kwa njia moja, mmoja utamchosha na mwingine utampita.

Mwalimu aliwagawa. Kwa wiki mbili kundi la vijiti likakaa upande mmoja na kundi la kukata tarakimu upande mwingine. Kisha akawapa zoezi la aina ileile lenye namba nyingine, akalinganisha na la mwanzo. Kundi la pili walirekebika karibu wote. Kundi la vijiti walisogea, lakini si wote, na wale ambao hawakusogea aliwaandika majina, akaniambia bado anawatafakari. Nilipenda sana kwamba aliniambia hilo la mwisho bila kulizunguka.

Kazi ile aliyoifanya inaitwa utafiti wa darasani. Najua neno utafiti linatisha. Tukilisikia tunamwona mgeni mwenye gari kubwa na dodoso la kurasa ishirini, anauliza una kuku wangapi, anaondoka na harudi tena. Utafiti ninaousemea leo hauna mgeni. Anayeuliza swali ni mwalimu mwenyewe, anayejibu ni mtoto wake, na matokeo yanatumika Jumatatu inayofuata katika chumba kilekile. Wenzetu waliliona jambo hili zamani. Uingereza, msomi wa mitaala Lawrence Stenhouse aliandika kitabu mwaka 1975 akitetea kwamba mtaala hauboreki kwa kupelekewa walimu kutoka juu, kama walimu hawachunguzi kazi yao wenyewe. Japani walimu wana desturi ya zaidi ya miaka mia moja: wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wenzake wanakaa darasani kutazama, na macho yao yanakuwa kwa watoto zaidi kuliko kwa mwalimu. Wakimaliza wanakaa chini, wanalipasua somo, wanalirekebisha, mwingine analifundisha tena.

Kwa lugha ya kazi yangu, ni hivi. Hakuna mhasibu mwenye akili anayesubiri miaka saba ndipo alinganishe daftari lake la fedha na taarifa ya benki. Unalinganisha kila mwezi, na ukikuta tofauti ya shilingi elfu tisa huishii kusema kuna tofauti. Unatafuta imetoka wapi, maana tofauti ileile inaweza kuwa hundi iliyochelewa au namba iliyogeuzwa. Shule zetu zinalinganisha lini? Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne, halafu mtihani wa darasa la saba. Matokeo yakitoka tunagawana lawama, mwenye kumlaumu mwalimu, mwenye kulaumu wazazi na tangawizi yao, na mtoto mwenyewe anakuwa ameshatoka getini.

Nimetaja tangawizi makusudi. Mwalimu mwingine, wa shule ya huko juu Mamba Miamba, alifanya uchunguzi wa rejista ya mahudhurio tu, bila kitu kingine. Rejista tunazo miaka yote. Zinajazwa, zinafungiwa kabatini. Yeye alikaa akahesabu siku kwa siku, akakuta utoro hauko sawa: unapanda siku ya soko na majira ya kuvuna tangawizi, na siku nyingine unashuka. Shule ilikuwa imepanga somo la Hisabati asubuhi ya siku ya soko. Walihamisha kipindi. Hakuna aliyetoa hata shilingi. Nawaambia ukweli, mimi niliyekulia hukohuko nisingelijua hilo nikiwa hapa Dar, na afisa yeyote wa wilayani asingelijua. Anayeweza kulijua ni mtu mwenye rejista mkononi na soko mbele ya macho yake.

Basi mwalimu wa darasa la tatu alijifunzia wapi kufanya vile? Hakuzaliwa nayo. Alikuwa anasoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa fedha zake, huku anafundisha. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha 1994, na maana yake hasa ni kwamba mwanafunzi habebi godoro kwenda bwenini. Anasoma alipo, anapeleka majaribio, anakwenda kituo cha mkoa kwa mitihani na kukutana na wakufunzi. Kwa mwalimu wetu kituo ni Moshi. Kutoka mlimani hadi Same mjini mnaijua barabara, hasa mvua zikiwa zimeshika; halafu kutoka Same hadi Moshi ni kilomita mia moja hivi za lami. Vitabu alisoma kwenye simu. Mtandao ukikataa nyumbani, alipanda hadi kwenye jiwe moja juu ya kanisa ambako unapatikana. Zoezi moja kati ya aliyopewa lilimtaka achunguze kosa moja la watoto wake. Ndilo hilo nililowasimulia.

Angalieni faida iliyofichika hapo. Miaka yote ya masomo yake, darasa lake halikukosa mwalimu kwa mwaka mzima hata mara moja. Shule jirani mwalimu mmoja hodari alikwenda kusoma chuoni miaka miwili. Ilikuwa haki yake kabisa, na simlaumu. Lakini kwa miaka miwili darasa lake liliunganishwa na jingine, na alipohitimu alipangiwa mkoa mwingine. Kwa shule yenye walimu sita, mmoja akiondoka ni sawa na kung'oa nguzo moja ya nyumba na kuwaambia waliomo waendelee kupika.

Kuna wenzetu watakaosema elimu ya masafa ni elimu nusu. Wazee hapa wanakumbuka walimu wa UPE. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi iliamua kila mtoto aende shule ya msingi, na walimu hawakuwepo. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakaanza kufundisha huku wakisomea ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, kwa miaka mitatu. Walimu zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Watu wakawacheka, wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nilifundishwa kusoma na mmoja wao. Alikuwa na redio ya mkulima iliyofungwa kwa mpira, na mwandiko wake ubaoni sijauona tena kwa mtu yeyote, hata chuo kikuu. Ninyi mnaocheka, wengi wenu mlifundishwa nao, na leo mna magari nje hapo.

Ila upungufu ulikuwepo, na si vibaya kuutaja. Njia ile iliwapa wale vijana masomo ya kwenda kuyafundisha na namna ya kuyafundisha. Mzigo ulikuwa mkubwa na muda mfupi. Kazi ya kumchunguza mtoto anavyofikiri haikupata nafasi. Kilichobadilika leo ni kwamba mwalimu anaweza kujadiliana na mkufunzi wake siku hiyohiyo. Redio ilisema naye, lakini yeye hakuweza kuijibu. Sasa anapiga picha ukurasa wa daftari la mtoto, jina limefunikwa, anautuma, na jioni mkufunzi anamrudishia ujumbe wa sauti: huyu umemuuliza alivyofanya, au umekisia?

Wala hatuanzi porini. Serikali ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao unawataka walimu wakutane shuleni kwao kujifunza pamoja, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wa kujifunzia kwa mtandao. Kuna pia TESSA, mpango wa vyuo kadhaa vya Afrika wakishirikiana na chuo kikuu huria cha Uingereza, wenye moduli za walimu wa shule za msingi, bure, na nyingine ziko kwa Kiswahili. Chuo Kikuu Huria chetu ni miongoni mwa washirika wake. Kwa hiyo mtu asiseme tunataka kuandika vitabu. Vitabu vipo. Kinachokosekana huko juu ni bando, nauli, mtu wa kusoma kazi ya mwalimu na kumjibu, na mwenzake wa kusumbukia naye.

Mradi uko hivi. Shule nane za msingi, walimu wawili kila shule. Wawili, kwa sababu mmoja peke yake huchoka, na kwa sababu uhamisho upo: mmoja akihamishwa, mbegu inabaki. Mafunzo ni ya mwaka mmoja. Kila muhula kila mwalimu anachagua swali moja dogo la darasa lake, dogo kweli, la kuweza kujibiwa kwa wiki sita. Anaandika alichokiona, anabadilisha kitu kimoja, anaangalia kama kimesaidia. Wakufunzi ni wawili, wazaliwa wa kwetu wanaofundisha vyuo vya ualimu. Wamekubali kusimamia kazi kwa simu kila wiki na kwenda wenyewe mara tatu kwa mwaka. Walimu wote watakutana mara sita kwenye kituo cha walimu, Jumamosi. Afisa elimu atapewa mpango wote kwa maandishi, na hakuna mwalimu atakayeanza kabla ya barua yake kutoka.

Gharama nazitaja zote, maana mkinipigia simu kesho nitazitaja hizihizi. Bando la intaneti, shilingi 15,000 kwa mwezi kwa walimu kumi na sita kwa miezi kumi, ni shilingi 2,400,000. Nauli na chakula kwa mikutano sita, shilingi 20,000 kila mwalimu kila mkutano, ni shilingi 1,920,000. Madaftari na kuchapa moduli, kwa wale ambao macho yao na simu hayaelewani, shilingi 640,000. Safari tatu za wakufunzi ni shilingi 1,500,000, na kazi yao ya kusoma na kujibu kwa miezi kumi ni shilingi 2,000,000. Sola ndogo mbili kwa shule mbili zisizo na umeme, shilingi 900,000. Vifaa vya darasani, shilingi 50,000 kwa kila mwalimu, ni shilingi 800,000. Jumla shilingi 10,160,000. Nimeongeza asilimia tano ya dharura, shilingi 508,000. Tunahitaji shilingi 10,668,000.

Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za UVIKO-19, darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Tunachoomba ni zaidi kidogo ya nusu ya chumba kimoja. Ukigawanya kwa walimu ni shilingi 666,750 kila mmoja, na mwalimu mwenye watoto arobaini na tano inakuwa kama shilingi 14,800 kwa mtoto. Na mkumbuke, tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya uendeshaji inayofika shuleni ilipangwa kuwa shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hiyo ni ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo. Mwalimu mkuu hawezi kuchomoa mafunzo humo hata awe mchawi wa hesabu.

Mtaona hakuna posho. Hili lilitugawanya kwenye kamati, na sitaficha. Walikuwepo waliosema walimu wa siku hizi hawaji bila posho. Mimi nilisimama nikapinga, na bado napinga. Nauli tutalipa, chakula tutalipa, asiingie mfukoni kwake kwa ajili yetu. Lakini ukimlipa mtu ahudhurie, utapata mahudhurio. Tunatafuta wale kumi na sita ambao swali linawawasha. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alijilipia mwenyewe. Sidhani yuko peke yake mlima mzima.

Suala la pili ni kughushi. Sote tunajua kwenye maduka ya steshenari mijini kuna utafiti unaouzwa tayari, umefungwa vizuri kwa jalada gumu, unabadilishiwa jina la mwandishi tu. Ndiyo maana hatutadai ripoti ya kurasa hamsini. Tunadai daftari la mkono, lenye tarehe, lililochafuka. Mhasibu anakwambia, hati iliyo safi mno ndiyo ya kuitazama mara mbili.

Na kuna la uhamisho, ambalo mzee mmoja alinibana nalo: tukiwafundisha wakaondoka, si tutakuwa tumewanoa kwa ajili ya wengine? Wengine wataondoka, ndiyo. Bati haihami, mwalimu anahama. Lakini anakohama kuna watoto pia, na mara nyingi si mbali. Na mwenzake aliyebaki ana daftari. Wanatutania kwamba Mpare anauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mimi naona ni sifa, maana ni mtu asiyekubali kuacha jambo bila kulijua mwisho wake. Hiyo tabia naitaka darasani.

Sitawaletea mwakani asilimia za kufaulu. Mtihani wa darasa la saba unabebwa na mambo mengi, na nikiwaambia umepanda kwa sababu ya walimu kumi na sita nitakuwa nawadanganya. Ukishuka pia mtanionea. Nitakachowaletea ni maswali thelathini na mawili, mawili kwa kila mwalimu, na kila swali lina nini kilionekana, nini kilibadilishwa, nini kilitokea. Yaliyoshindikana yataandikwa pamoja na yaliyofaulu. Hasara inaandikwa kwenye vitabu kama faida, na mwalimu aliyejaribu njia ikakataa ametuokolea shule nyingine saba.

Fedha hazitatoka zote kwa mpigo. Nusu itatoka Januari, nusu Julai, baada ya madaftari ya muhula wa kwanza kuonwa na wakufunzi na na mwakilishi mmoja wa wazazi kila shule. Madaftari yasipokuwepo, nusu ya pili inahamia kwenye uzio, na mimi mwenyewe nitasimama hapa kuwaeleza. Mwalimu wa darasa la tatu amekubali kuwa mmoja wa wale kumi na sita. Swali lake la muhula wa kwanza ameshalichagua: wale watoto wa vijiti ambao hawakusogea.

Kadi ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ina mistari miwili, uzio na walimu. Andika kiasi kwenye mstari unaoutaka, au gawa, kisha uikabidhi kwa mweka hazina, ambaye leo amekaa karibu na mlango wa jikoni. Risiti mtapewa papo hapo. Mwenye kutaka kumlipia mwalimu mmoja kwa mwaka mzima ni ile shilingi 666,750, na anaweza kulipa kwa awamu hadi mwisho wa Juni.